Wakili, Daftari na Mauzo ya Nyumba

Katika mali zote zinazouzwa, nyumba ndiyo ambayo mnunuzi hawezi kukabidhiwa mkononi. Ng'ombe huongozwa kwa kamba, na nguo hukunjwa ikachukuliwa; lakini nyumba hubaki pale pale ilipo, na kinachohama ni haki peke yake. Haki haionekani kwa macho. Kwa hiyo mauzo ya nyumba yamemhitaji mtu wa tatu kati ya muuzaji na mnunuzi, ambaye neno lake laweza kutegemewa na wote wawili.

Nchini Uingereza mtu huyo alikuwa wakili, na kazi yake kubwa ilikuwa kusoma. Muuzaji alithibitisha milki yake kwa furushi la hati: hati aliyonunulia yeye, na hati aliyonunulia yule aliyemuuzia, na kadhalika kurudi nyuma. Desturi ilitaka mnyororo huo ufike miaka 60, mpaka sheria ya 1874 ilipoupunguza ukawa miaka 40. Pete moja ikikatika, mnunuzi aliweza kutoa fedha zake zote, kisha akatolewa nyumbani na mrithi ambaye hakupata kumsikia. Tena kazi hiyo ililipiwa upya kila nyumba ilipouzwa, hata kama hati zile zile zilikuwa zimesomwa mwaka uliotangulia. Mwaka 1804 serikali ya William Pitt iliwaongezea mawakili ushuru, na katika sheria hiyo hiyo ikamkataza mtu asiye mwanasheria kuandika hati za mauzo ya ardhi kwa malipo. Mawakili walitoa ushuru, wakapewa soko. Katika mapatano hayo mnunuzi wa nyumba hakuulizwa shauri, ingawa yeye ndiye aliyeyagharimia, mpaka sheria ya 1985 ilipowafungulia mlango wataalamu wengine wenye leseni.

Aliyethubutu kuupinga utaratibu huo hakuwa mwanasheria. Robert Richard Torrens alizaliwa Cork, Ireland, mwaka 1814, akafika Adelaide mwaka 1840 kuwa mkuu wa forodha katika koloni la Australia ya Kusini. Mtu wa forodha huzijua meli. Mwenye sehemu katika meli alipoiuza, jina lake liliondolewa daftarini na la mnunuzi likaandikwa. Hapana aliyehitaji kufukua hati za miaka 60. Torrens akauliza kwa nini ardhi isiuzwe vivyo hivyo. Koloni lenyewe lilikuwa limeanzishwa mwaka 1836 tu, lakini hati zake zilikuwa zimekwisha kuvurugika: nyingine zimepotea, na baadhi ya wenyewe wameondoka kwenda ng'ambo. Aliingia bungeni mwaka 1857 kwa ahadi ya kulimaliza jambo hilo, na Januari 1858 sheria yake ikapita. Alisaidiwa na Ulrich Hübbe, mwanasheria Mjerumani aliyejua madaftari ya ardhi ya Hamburg. Ni kiasi gani cha sheria hiyo kilichotoka kwake, wanahistoria wangali wanabishana.

Uzito wa sheria ya Torrens umo katika kitendo kimoja. Zamani daftari, pale lilipokuwapo, lilitunza habari za mauzo yaliyofanywa na watu. Sasa kuandikwa daftarini ndiko kulikoleta milki. Yaliyopita yalikatwa. Serikali ikadhamini maandishi hayo, na mfuko wa fidia ukawekwa kwa ajili ya watakaodhulumika. Fomu zikawa fupi kiasi kwamba madalali wa ardhi wenye leseni, ambao hawakuwa mawakili, waliruhusiwa kuzijaza. Mawakili wa Adelaide walikasirika, wala si ajabu. Jaji Benjamin Boothby alishikilia kwamba sheria za koloni zilizopingana na za Uingereza ni batili, hii ikiwa mojawapo. Ubishi wake ukailazimisha London kutunga sheria maalumu mwaka 1865 kuzithibitisha sheria za makoloni, na mwaka 1867 Boothby akaondolewa katika kiti chake.

Hata hivyo, daftari lina upungufu wake: hujua jina, halijui uso. Katika koloni la Victoria, lililoufuata utaratibu wa Torrens tangu 1862, mama mmoja aitwaye Messer alisafiri kwenda Scotland, akaacha cheti cha ardhi yake mikononi mwa wakili wake. Wakili huyo alighushi hati ya kuihamisha ardhi kwa mtu ambaye hakuwa duniani, jina alilolibuni mwenyewe. Kisha akaiweka rahani kwa niaba ya mtu huyo wa hewa, akapokea fedha, akatoweka. Shauri lilifika mahakama kuu ya rufaa ya makoloni, London, na mwaka 1891 mama Messer akarudishiwa milki yake. Waliokopesha fedha waliliamini daftari, lakini hawakuwa wamepatana na mtu aliyeandikwa humo. Mwaka 1967, katika shauri la Frazer na Walker kutoka New Zealand, hukumu ilikwenda upande wa pili. Sahihi ya mume ilighushiwa katika hati ya rahani, waliokopesha wakaiuza nyumba, na mume akaipoteza, kwa kuwa mnunuzi hakushiriki katika hila na jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa. Hivyo ndivyo kazi ya wakili ilivyogeuka. Haikuwa tena kuchunguza wafu wa miaka 60, bali walio hai: aliyetia sahihi ni nani, na je, ndiye?

Fikra za Torrens zilifika pia Afrika Mashariki. Kabla yake, katika miji ya pwani, mauzo yalifanywa mbele ya mashahidi, na kadhi akaandika hati. Sheria ya 1908 iliwataka wenye ardhi wa pwani ya Kenya wadai milki zao ili zisajiliwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Aliyeishi shambani mwa babu yake bila karatasi, wala bila mtu wa kumwandikia dai lake, aliweza kuamka maskwota. Mombasa kuna jambo jingine linalostahili kuchunguzwa zaidi na wanafunzi: nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mmoja, nyumba ni ya mwingine anayelipa kodi ya kiwanja; na cheti cha kiwanja, peke yake, hakimwambii msomaji nani aliyejenga ukuta. Anayenunua hapo hana budi kuwauliza majirani.

Tanganyika ilipata sheria yake ya usajili wa ardhi mwaka 1953. Lakini kwa mnunuzi wa nyumba, Sheria ya Ndoa ya 1971 ina uzito usio mdogo. Kwa sheria hiyo, mume au mke hawezi kuiuza wala kuiweka rahani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina moja tu ndilo lililoandikwa. Wakili mwangalifu, akiisha kulipekua daftari lote na kulikuta safi, humgeukia muuzaji na kumwuliza kama ana mke.