Kioo Ndani ya Kamera na Picha za Kale za Uchagani

Katika somo la historia ya Kilimanjaro nina desturi ya kuwaonyesha wanafunzi picha zilizopigwa Uchagani zama za Wajerumani. Mwaka mmoja niliwaonyesha picha ya wazee waliosimama mbele ya migomba, mikono imeshikamana na mbavu, macho yamekazwa kama ya watu wangojeao hukumu. Nikawauliza wanaona nini. Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Uru, akajibu pasipo kusita, "Naona hofu, mwalimu. Wazee wetu walimwogopa Mzungu." Wenzake wakamwunga mkono.

Huenda hofu ilikuwapo. Sababu za kuogopa hazikukosekana katika nchi ambayo Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900. Lakini picha ile peke yake haithibitishi hofu hiyo. Kabla ya kuisoma sura ya mtu katika picha, yapasa kwanza kujua chombo kilichompiga kilikuwa cha namna gani, kilimwamuru afanye nini, na mpigaji mwenyewe aliweza kuona nini. Ndiyo sababu nataka kueleza habari za kamera ya lenzi moja yenye kioo ndani yake, ambayo ilikuja kuwa chombo cha kawaida baada ya wazee wale kwisha kupigwa picha zao.

Lugha yetu inatutega hapa, kwa kuwa tunatumia neno kioo kwa dirisha, kwa chupa, na kwa kile tunachojitazamia. Katika makala haya kioo ni hicho cha kujitazamia tu. Kipande kilichopakwa dawa ya kunasa picha nitakiita bamba, na kile chenye ukungu ambacho sura huangukia ili mpigaji aitazame nitakiita kiwambo.

Kamera ya wasafiri na wamisionari wa mwisho wa karne ya 19 ilikuwa sanduku juu ya miguu mitatu. Mpigaji alijifunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akatazama kiwambo kilichokuwa nyuma ya sanduku, na humo akawaona watu wamepinduka, vichwa chini, miguu juu. Alirekebisha lenzi mpaka sura ikawa wazi. Kisha alifunga lenzi, akatia bamba mahali pa kiwambo, na tangu hapo hakuona tena kitu kupitia lenzi. Mtu akisogea hatua moja mbele, picha itaharibika na mpigaji asijue mpaka bamba lioshwe kwa dawa.

Mabamba ya wakati huo yalikuwa mepesi kunasa nuru kuliko yale ya zamani, na juani palitosha sehemu ndogo ya sekunde. Lakini nani asiyejua kivuli cha kihamba? Chini ya migomba na miti, hasa ukungu unaposhuka, nuru ni haba. Mpigaji ilimbidi ama aiache lenzi wazi kwa muda mrefu, ama aipanue tundu yake. Na tundu ikipanuliwa, masafa yanayoonekana wazi hupungua sana. Kwa njia zote mbili amri ilikuwa ile ile: simama hapo, usitikisike. Ukakamavu tunaousoma katika nyuso zile kwa sehemu kubwa ni utii kwa sanduku.

Mlima haukuhitaji kuamriwa. Hans Meyer, aliyefika kwenye barafu ya Kibo mwaka 1887 bila kukifikia kilele, alitoa mwaka uliofuata kitabu chenye picha 40 za safari hiyo, kabla hajapanda mpaka juu pamoja na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipanda Mawenzi kwa mara ya kwanza, na Klute akaupima mlima kwa kutumia picha, akachora ramani yake. Ni kwa kazi ya namna hiyo tunajua kwamba barafu iliyoenea kilomita za mraba 12 hivi wakati ule haikufika kilomita za mraba 2 karne moja baadaye. Picha za barafu ni ushahidi safi kwa sababu barafu haikujua kwamba inapigwa picha.

Wanyama walileta shida ya namna nyingine, kwa kuwa hawatii amri. Carl Georg Schillings, aliyezunguka nyika zilizo chini ya Kilimanjaro, alitumia baruti ya mwanga usiku, akatega kamera ili mnyama mwenyewe aifyatue. Picha hizo alizitoa mwaka 1905 katika kitabu kilichoshangaza Ulaya. Ng'ombe na punda walifungwa wakiwa hai ili kuwavuta simba. Jambo hilo wasifu wake wengi hulipita mbiombio. Schillings ndiye mfano wa mwisho wa upofu ninaousema: picha ilipigwa gizani, na hakuna jicho la binadamu lililokuwa nyuma ya lenzi.

Dawa ya upofu huo ilikuwa imekwisha kufikiriwa. Mwaka 1861 Mwingereza Thomas Sutton alipewa hataza ya kamera yenye kioo kilichoinama kwa digrii 45 nyuma ya lenzi. Nuru iliingia, ikagonga kioo, ikapanda kwenye kiwambo kilicho juu ya sanduku. Hapo mpigaji akaona sura imesimama wima. Alipokuwa tayari, kioo kiliinuliwa na nuru ikaenda moja kwa moja kwenye bamba. Lenzi ile ile ililihudumia jicho kwanza, kisha bamba. Mwaka 1884 Calvin Rae Smith wa Marekani alipata hataza ya kamera ya namna hiyo na kuiuza. Ila ziliendelea kuwa masanduku makubwa, na kwa mtu anayesafiri na wapagazi kila ratili ilikuwa na bei yake.

Kilichobadili mambo ni filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Leica ya mwaka 1925 iliifanya kamera itiwe mfukoni, lakini jicho lilitazama kupitia tundu la kando, si kupitia lenzi, na kwa kitu kilicho karibu tundu na lenzi havikupatana. Kioo na filamu ndogo vilikutana katika Kine Exakta, iliyobuniwa na Karl Nüchterlein katika kiwanda cha Ihagee mjini Dresden, na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1936. Warusi wana kamera yao, Sport, na mabishano ya nani alitangulia hayajesha, mimi siyaingilii.

Majina ya miji hiyo yanipa kufikiri. Wamisionari walioingia Machame mwaka 1893 walitumwa na misioni ya Leipzig, na picha zao nyingi zimehifadhiwa huko. Meyer alikuwa wa nyumba ya wachapaji wa Leipzig. Kitabu cha Schillings kilichapwa Leipzig. Basi mji uliojaa sura za babu zetu ndio mji ambao, baadaye kidogo, kamera iliyoweza kuwaona vizuri zaidi iliwekwa mezani ili wanunuzi waitazame.

Exakta hiyo haikuwa kamilifu. Kioo kilipoinuka, mpigaji alibaki gizani mpaka avute filamu mbele. Wahungari katika Duflex, na Wajapani katika Asahiflex ya mwaka 1954, walikifanya kioo kirudi chenyewe mara moja. Hata hivyo ule mpepeso wa giza haukuondoka: wakati hasa picha inaponaswa, jicho halioni.

Kasoro ya pili ni kwamba kioo kimoja huinua sura lakini hugeuza kuume kuwa kushoto. Iliponywa mwaka 1949 katika Contax S, nayo pia ya Dresden, kwa kipande cha pembe tano kiitwacho pentaprizimu. Mimi ninayo Exakta ya zamani isiyo na kipande hicho, niliyopewa na mwalimu mstaafu. Asubuhi moja ya Januari, mlima ukiwa wazi, niliitoa uani nikampa yule mwanafunzi wa Uru. Aliinama, akatazama chini ndani ya kiwambo, akacheka. Kutoka Moshi, Kibo kiko kushoto na Mawenzi kuume. Ndani ya kamera Mawenzi ilikuwa imehamia kushoto. Akaifuata kwa kuigeuzia kamera upande huo, na Mawenzi ikamkimbia ikatoka pembeni. Akajaribu tena, na tena, akishika pumzi, mabega yamekakamaa, uso umekazwa. Rafiki yake akampiga picha kwa simu, akamwonyesha. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ile picha ya wazee bado ninayo darasani.