Baiskeli iliyotangulia lami kando ya Ziwa Mweru

Ukitoka Mansa kuelekea kaskazini mwa mkoa wa Luapula, unapita Mwense, unapita Mwansabombwe kwa chifu Mwata Kazembe, kisha unaingia Nchelenge na Kashikishi, miji miwili iliyoshikana kiasi kwamba mgeni hajui wapi mmoja unaishia. Huko barabara ndiyo mji wenyewe. Upande mmoja kuna ziwa, upande wa pili nyumba na mihogo, na anayekwenda sokoni, bandarini, shuleni au hospitali ya misheni ya St. Paul's hana budi kuishika. Wengi huishika kwa baiskeli. Hata hivyo, hadithi ya barabara hii huwa tunasimuliwa kwa malori na mawaziri waliokata utepe, kana kwamba magurudumu mawili yalikuja baadaye kuomba nafasi.

Ukweli ni kinyume chake. Njia ilianza kwa miguu. David Livingstone alipolifikia Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, baada ya kucheleweshwa na vita vya mfanyabiashara Tippu Tip na chifu Nsama wa Watabwa, alikuwa akifuata njia zilizokwisha kukanyagwa na misafara ya pembe, shaba na watumwa. Baadaye Waswahili wa biashara walijikita hata ndani ya ziwa, katika kisiwa cha Kilwa. Njia hizo zilikuwa nyembamba, za mtu nyuma ya mtu. Gari lisingeweza kupita hapo bila kwanza kukata miti na kujenga madaraja. Baiskeli iliweza. Ilirithi njia ya msafara kama ilivyo, na ndiyo sababu ilienea vijijini kabla ya serikali kuwaza changarawe, sembuse lami.

Fedha ya kuinunua ilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ni migodi. Vijana wa Luapula walikwenda Katanga kwa Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, na baadaye wakaenda Copperbelt upande wa Waingereza. Waliporudi, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyomtangaza mtu kuwa hakupoteza miaka yake bure, pamoja na cherehani na nguo. Raleigh, Humber na Hercules yalikuwa majina yanayojulikana hata na asiyejua kusoma.

Ya pili ni samaki. Wafanyabiashara wa Kigiriki waliojenga makao Kasenga, upande wa Kongo, walipeleka samaki wa Luapula na Mweru hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kulisha wachimba shaba. Samaki aliyetafutwa sana, mpumbu, alivuliwa wakati akipanda mto kutaga mayai, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa amepungua vibaya. Mwanahistoria David Gordon ameieleza habari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake *Nachituti's Gift* cha mwaka 2006. Kwa mwenye baiskeli, maana yake ilikuwa mzigo mwingine. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 chisense, samaki wadogo wa jamii ya dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, walichukua nafasi kubwa sokoni, na wanawake wakawa na sauti katika biashara hiyo. Chisense mkavu ni mwepesi. Gunia lake hukaa vizuri kwenye keria, likafungwa kwa mipira ya tyubu iliyochakaa, na kufika mahali ambapo lori halina faida ya kwenda.

Siasa nazo zilipanda keria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kenneth Kaunda, akiwa mratibu wa chama cha ANC katika Jimbo la Kaskazini, alizunguka vijiji kwa baiskeli akiwa na gitaa lake. Wakoloni walikuwa na magari na barabara. Chama kilikuwa na baiskeli na vichochoro. Nadhani tukiandika historia ya uhuru wa Zambia bila fundi wa kuziba pancha, tumeacha mtu muhimu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1964 ndipo lami ilipoliteremka bonde la Luapula. Ilileta mengi mema: mabasi, dawa, bei bora ya samaki. Mwaka 2008 daraja la Chembe, lililopewa jina la Rais Levy Mwanawasa, liliondoa foleni ya kivuko kwenye njia ya kwenda Copperbelt kupitia ardhi ya Kongo. Lakini barabara ilipimwa kwa upana wa lori. Ukingo wa lami hukatika ghafla, udongo wa pembeni ukaliwa na mvua, na mwendesha baiskeli akabaki na uchaguzi mbaya: abaki juu ya lami huku honi zikimfukuza, au ashuke kwenye mchanga na magunia yake. Wengi hubaki juu mpaka wasikie mngurumo nyuma yao. Dereva huuita ukaidi. Mimi naona ni hesabu ya mtu aliyebeba riziki yake mgongoni mwa chuma.

Chombo chenyewe hakikusimama. Kuanzia mwaka 2006 shirika la World Bicycle Relief liligawa baiskeli 23,000 kwa wahudumu wa afya wa kujitolea na watu wengine nchini Zambia. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Buffalo, baiskeli nzito ya gia moja yenye keria inayobeba kilo 100, iliyobuniwa kwa barabara ambazo wabunifu wa mjini hawazipiti.

Kisha wakaja majirani. Tangu Agosti 2017 maelfu ya Wakongo walikimbia mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakapokewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, na Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala ndani ya wilaya ya Nchelenge. Hayakukusudiwa kuwa kambi ya mahema tu: familia zilipewa viwanja na ardhi ya kulima, na shule na zahanati zikawa za wakimbizi na wenyeji pamoja. Njia zikafunguliwa msituni. Hapo Kiswahili cha Katanga kikakutana na Kibemba, na baiskeli, *kinga* kwa Wakatanga, ikawa njia ya kuunganisha shamba, kisima na soko.

Kuna jambo dogo ambalo wapangaji hulisahau. Kongo hupita kulia, Zambia hupita kushoto. Ni urithi wa Wabelgiji na Waingereza, waliogawana eneo hili kwa mkataba wa mwaka 1894. Aliyejifunza baiskeli Pweto au Moba, upande wa Kongo, amefundisha mwili wake kushika kulia. Katika vichochoro vya makazi haidhuru. Akiingia kwenye lami ya Nchelenge akiwa na mzigo, tena kabla hakujapambazuka, inadhuru. Mkimbizi pia huhitaji kibali kutoka nje ya makazi, kwa hiyo safari yake huwa na saa ya kurudi, na mwenye haraka hachagui ukingo.

Sasa kuna fedha. Mwaka 2022 serikali ya Zambia iliongeza mfuko wa maendeleo wa majimbo ya uchaguzi kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na masoko na barabara za mitaa ni miongoni mwa yanayoweza kujengwa. Lakini kuchora mstari wa njia ya baiskeli hakutoshi. Dar es Salaam ilijenga njia za baiskeli kando ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, na bodaboda na wachuuzi wakazikalia. Mji unaotaka njia hiyo itumike lazima uwape wachuuzi mahali pengine pa kuuza.

Basi ombi kwa baraza la wilaya ya Nchelenge ni hili: kabla ya kuchonga upya barabara kati ya bandari, soko la Kashikishi na njia ya Mantapala, simameni sokoni alfajiri mhesabu magurudumu yanayoingia. Kisha acheni bega pana lenye changarawe iliyoshindiliwa pande zote mbili, na wekeni alama kwa Kibemba na Kiswahili zinazosema: shika kushoto.