Kuhesabu Miaka ya Nondo

Mwaka 1855, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Mfaransa Joseph-Louis Lambot alileta mtumbwi wa saruji wenye wavu wa chuma ndani yake. Mwaka huohuo Mjerumani Adolf Fick, mtaalamu wa fiziolojia, alichapisha kanuni za namna chumvi inavyosambaa kwenye maji, kutoka ilikozidi kwenda ilikopungua. Zaidi ya karne ilipita kabla wahandisi hawajatambua kuwa kanuni za Fick zinaweza kukadiria umri wa kazi aliyoianza Lambot.

Wakati huo wote dunia ilikuwa ikijenga. Hataza ya François Hennebique ya mwaka 1892, ya ujenzi wa zege lenye nondo, ilifungua njia ya madaraja, gati na maghorofa, na wengi wakaamini zege halichakai. Hawakukosa sababu: ualkali wa zege huivisha nondo utando mwembamba mno unaoikinga na kutu. Lakini hewaukaa hupunguza ualkali huo mwaka hadi mwaka, na chumvi huutoboa utando wenyewe. Kutu ikianza, hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kutoka ndani.

Huko California, miaka ya 1950, mhandisi Richard Stratfull alichunguza kutu kwenye daraja la San Mateo–Hayward, lililokuwa limefunguliwa mwaka 1929 juu ya maji ya chumvi. Kipimo kilichotokana na kazi za namna hiyo ni chepesi: waya mmoja wa voltimita hufungwa kwenye nondo, wa pili kwenye kijiti cha shaba kilichozama katika salfeti ya shaba, kisha kifaa hicho huwekwa juu ya zege lenye unyevu. Voltimita ikishuka chini ya milivolti -350, uwezekano wa kutu unazidi asilimia 90.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mario Collepardi wa Italia alizitumia kanuni za Fick kwa chumvi ndani ya zege. Mwaka 1982, Stockholm, Kyösti Tuutti akaugawa umri wa jengo sehemu mbili: muda wa chumvi kuifikia nondo, na muda wa kutu kuila. Kwa hesabu hiyo, zege linalofunika nondo likiongezwa kutoka milimita 25 hadi 50, muda wa kwanza huwa mara nne. Fundi anayeacha nondo iguse ubao wa kumwagia zege anawanyima wakazi miongo kadhaa.

Elimu, basi, ilikuwapo. Mhandisi Riccardo Morandi mwenyewe aliandika mwaka 1979 kwamba hewa ya bahari inalishambulia daraja lake la Genoa, lililofunguliwa mwaka 1967. Miaka ya 1990 nyaya zilizolishikilia daraja kwenye mnara wa 11 ziliimarishwa. Za mnara wa 9 hazikuguswa. Ndio ulioanguka tarehe 14 Agosti 2018, ukaua watu 43.