Kodi ya miaka ya nyuma: maswali matatu tunayofundishwa na historia ya Sakania



Hii miezi chama kimepokea habari zinazofanana. Memba anayejitumikia mwenyewe, iwe fundi cherehani, mama muuza unga au fundi wa kinga, analetewa karatasi inayosema yuko na deni la kodi la tangu miaka ya 1980 au 1990. Franga zimeandikwa kwa dola, na siku za kulipa ni chache. Wengi wameogopa. Wamoja wameanza kutafuta mkopo.

Hatutataja ofisi yoyote hapa, sababu kila karatasi itafuatwa mahali pake. Hatuandiki pia ili kufundisha mtu kukimbia kodi. Tunajua wote: dawa ya deni ni kulipa. Lakini kwanza mtu ajue kama ni deni kweli. Kwa kujua hilo, historia ya hapa kwetu ina msaada mkubwa, juu Sakania ni muji wa mpaka, na kodi iliingia hapa pamoja na mpaka wenyewe.

Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wa 2 walipatana kwa karatasi mahali mpaka utapita. Walamba, Walala na wengine wakajikuta nusu huku, nusu ng'ambo. Upande wa Rhodesia ya Kaskazini, kodi ya nyumba ilianza kuombwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Upande wetu, dekreti ya 1903 iliomba jasho: masaa 40 ya kazi kila mwezi kwa ajili ya Leta. Kisha mwishoni mwa 1909 reli kutoka Ndola ikafika Sakania, na mwaka 1910 ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwaka huo huo wa 1910, tarehe 2 Mei, Wabelgiji wakatoa dekreti ya kodi ya kichwa kwa feza, na mwenye wake wengi akaongezewa.

Muangalie vile vitu hivi vilikuja pamoja. Kampuni ya Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na Bourse du Travail du Katanga, iliyokuwa inatafutia migodi wafanyakazi, ikazaliwa mwaka 1910. Mwanaume wa kijiji hakuwa na franga. Ili apate franga za musonko, ilibidi aende kwenye migodi, kwenye reli, ao auze unga kwa wale wa migodi. Kodi ilijaza sanduku la Leta, ni kweli, lakini ilikuwa pia fimbo ya kumtoa mtu kijijini. Ndiyo maana watu wa mpaka walijifunza kuvuka: ikikazwa huku, wanaenda kwa ndugu ng'ambo, ikikazwa ng'ambo, wanarudi huku.

Kwenye historia ile kuna jambo moja linalotuhusu hadi leo. Aliyelipa alipewa kitu cha kushika: zamani jetoni ya chuma yenye alama ya mwaka, ambayo wengi waliivaa shingoni, baadaye maandishi kwenye kitabu chake cha kitambulisho. Agenti akikukuta njiani bila kile kitu, wewe ni mdeni, hata kama ulilipa. Leta haikuwa na lazima ya kuonyesha kwamba unadaiwa. Wewe ndiye ulipaswa kuonyesha kwamba haudaiwi. Asiyeonyesha, anafungwa. Babu zetu waliishi hivyo miaka 50, na woga ule haujatoka. Mtu akiona muhuri leo, anajiona mkosaji hata kabla ya kusoma.

Lakini hata zamani zile watu waliuliza. Mwezi wa 5 mwaka 1935, ng'ambo tu ya Mokambo, wafanyakazi wa mgodi wa Mufulira waliambiwa ghafla kwamba kodi ya mwaka imetoka shilingi 12 na peni 6 na kufika shilingi 15. Mwaka ulikuwa umefika karibu katikati. Waligoma. Mgomo ukaenda Nkana, kisha Luanshya, na kule Luanshya, tarehe 29 Mei, polisi walipiga risasi na watu 6 wakafa. Shilingi 2 na nusu si nyingi kwa anayezihesabu kutoka mbali. Lakini kwa yule anayeambiwa katikati ya mwaka kwamba hesabu aliyoijua imebadilishwa bila yeye kuulizwa, jambo si shilingi tena.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa ilibadilisha jina. Mwaka 1971 ilitoka sheria ya CPM, contribution personnelle minimum, na ndiyo maana wazee wengi wanasema "kontribisio" hadi leo. Tarehe 2 Agosti 1979 ilitoka sheria ya biashara ndogo, iliyomwomba muuzaji mdogo awe na patenti. Kwa hiyo ni kweli kwamba mtu aliyekuwa na meza ya biashara hapa Sakania mwaka 1985 alikuwa na kitu cha kulipa kwa Leta. Hatukatai. Swali ni kama karatasi ya leo inaweza kumfuata kwa jambo hilo. Hapo ndipo tunauliza maswali matatu.

La kwanza: ni sheria gani? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kipengele cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Karatasi isiyotaja jina la kodi, mwaka wake na sheria yake, hiyo bado ni maneno. Muangalie sana neno "kontribisio", juu linachanganya vitu viwili. Kuna kodi, na kuna mchango wa pensheni uliokuwa unalipwa INSS, inayoitwa CNSS tangu mwaka 2018. Sheria ya INSS ya mwaka 1961 ilitengenezwa kwa wafanyakazi wa mshahara na mabwana wao wa kazi. Fundi aliyeshona peke yake kwenye baraza ya nyumba yake hakuwa bwana wa kazi wa mtu. Lakini kama uliajiri watu kwa mshahara, hali ni nyingine. Sema ukweli toka mwanzo ili tukusaidie vizuri.

La pili: ni ofisi gani? Kodi za miaka ile zilikuwa mikononi mwa ofisi ambazo majina na kazi zao zilibadilika. Kuanzia 1988 kulikuwa na Direction Générale des Contributions. Mwaka 2003 ikaja DGI mahali pake. DGRAD ilizaliwa mwaka 1995. Jimbo letu la Haut-Katanga lenyewe lilizaliwa mwaka 2015, wakati Katanga ilipogawanywa. Ofisi inayodai deni la 1987 inapaswa kuonyesha ililipata wapi: nani aliliandika, kwenye kitabu gani, na mwenye kudaiwa alijulishwa lini. Tena Leta haidai milele. Sheria nambari 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, inayoongoza namna ya kukusanya kodi, inaweka mwisho wa muda wa kudai, na muda huo ni wa miaka michache, si wa makumi ya miaka. Sheria hiyo hiyo inampa mlipaji haki ya kuandika malalamiko.

La tatu: ni franga gani? Swali hili linaonekana la mchezo, lakini lina uzito. Mwaka 1967 zaire ilichukua nafasi ya franga: zaire 1 kwa franga 1,000. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: 1 kwa zaire za zamani 3,000,000. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga ya Kongo: 1 kwa zaire mpya 100,000. Muzidishe wenyewe. Ili kupata franga 1 ya leo, unahitaji zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyebakiza deni la zaire 50,000 mwaka 1987, deni lile haliwezi leo kununua hata punje moja ya mahindi. Sasa yule anayeliandika kwa dola, amelibadilisha kwa sheria gani, na kwa bei ya siku gani? Alipe nani hesabu isiyo na njia?

Tunajua mtasema: sisi hatuna karatasi. Ni kweli. Wengi wetu tulikimbia bila hata viatu. Waliokimbilia Zambia wakati wa vita iliyoanza 1998, wakaishi Mwange, Kala ao Meheba, waliacha patenti na karatasi za malipo kwenye nyumba zilizochomwa. Anayedai miaka ya nyuma anajua udhaifu huo. Lakini hatuko tena kwenye siku za jetoni. Anayedai ndiye aonyeshe deni. Na sisi waliorudi tuko na karatasi ambazo wengi wanazisahau: fomu ya kurudi kwa hiari ya wale waliorudishwa na UNHCR kuanzia 2007, kadi ya chakula ya kambi, ripoti ya shule ya mtoto aliyesoma Zambia. Hizi zinaonyesha miaka ambayo mtu hakuwa hapa. Mtu aliyekuwa anapanga mstari wa unga Kala, hakuwa anauza unga Sakania siku ile ile.

Basi, karatasi ikikufikia, fanya hivi. Usiipasue, na usigombane na aliyeileta. Mara nyingi ametumwa tu. Andika tarehe uliyoipokea, juu siku za kulalamika zinahesabiwa kutoka pale. Usitoe hata franga moja mkononi, hata ukiambiwa ni ya "kupunguza". Ukilipa nusu, utaambiwa umekubali yote. Leta karatasi kwenye chama haraka. Tutaandika barua ya malalamiko yenye yale maswali matatu, na utabaki na kopi yenye muhuri na tarehe ya ofisi iliyoipokea. Kama una deni la kweli la mwaka huu ao uliopita, tutakusindikiza ulilipe mahali pa halali na upewe karatasi ya malipo. Katiba hiyo hiyo, kipengele cha 65, inatuomba kulipa kodi, na barabara yetu inahitaji hizo franga.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila memba atafute bahasha moja ngumu, aweke ndani patenti, karatasi za malipo na fomu ya kurudi. Asiyejua kusoma aje na mtoto wake ao jirani anayemwamini. Tutapiga kopi ya kila kitu na kuiweka kwenye sanduku la chama, ili moto ukipita kwa mmoja, karatasi zake zibaki kwa wote.