Vidaka vya Lamu na Macho ya Mgeni: Al-Inkishafi katika Historia ya Sanaa ya Mwambao

Sanaa ya mwambao wa kaskazini mwa Kenya aghalabu huelezwa kwa mgeni kana kwamba ni sanaa ya macho pekee: milango ya nakshi, vidaka vya chokaa, majahazi na vichochoro. Mtazamo huu una historia yake, na historia hiyo haitenganiki na ile ya uhakiki wa ushairi wa Kiswahili.

Kabla ya mtalii kufika, nyumba ya mawe ilikuwa imekwisha kusomwa na mshairi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anayekadiriwa kuishi kati ya 1720 na 1820, anauhutubia moyo wake na kuuonyesha majumba ya Pate yaliyohamwa. Utungo unayataja madaka, msana na nyumba kati kwa majina yake. Palipopangwa sahani za kauri pamelala makinda ya ndege. Palipokuwa na sauti za watu panasikika wadudu. Kidaka, kwa hivyo, kinabeba hoja nzima ya utungo: kilichotangaza utajiri wa mwenye nyumba mbele ya wageni wake ndicho kinachoshuhudia kuanguka kwake.

Katika miaka ya 1970 jengo na neno vilikaribiana tena. James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu, alichunguza mpangilio wa nyumba hizo tangu daka la mlangoni hadi ndani, na mnamo 1977 akachapisha toleo lake la Al-Inkishafi. William Hichens alikuwa ametoa lake mnamo 1939. Umuhimu wa Allen ni kwamba kazi hizo mbili, ya usanifu wa majengo na ya uhariri wa ushairi, zilifanywa na mtu mmjoja katika mji mmoja.

Ukaribu huo haukudumu katika maelezo anayopewa mgeni. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mnamo 2001, na nyumba kadhaa za mawe zimenunuliwa na watu wa nje na kugeuzwa makao ya mapumziko. Haifai kulibeza jambo hili: fedha za wageni zimewapa kazi mafundi wa chokaa na wachonga milango, na kuta ambazo zingeanguka zimesimama. Lakini kidaka kilichojazwa vyombo upya ili kimpendeze mgeni kinasema kinyume cha alivyosema mshairi. Kinaahidi kudumu, ilhali utungo unaonya kuhusu kutoweka. Hali kadhalika siwa ya pembe ya Pate, iliyokuwa ikipulizwa katika shughuli za wakuu, sasa hutazamwa makumbushoni ikiwa kimya.

Hatari iliyopo ni ya uhifadhi kufaulu nusu: ukuta ubaki, maana yake iondoke pamoja na wazee wanaoielewa lugha ya utungo huo. Jukumu la idara za Kiswahili ni kuandaa matoleo yenye sherehe za msamiati wa Kiamu, na kushirikiana na makumbusho ili ushairi uwekwe kando ya vitu unavyovitaja. Mgeni atakayeelezwa hivyo ataondoka na kitu kizito kuliko picha, na mwenyeji atakuwa hajauziwa nyumba yake mwenyewe bila maneno yake.