Hema la Wakili Franklin

Viola Fletcher alipofariki Novemba 2025 akiwa na umri wa miaka 111, habari zilizoandikwa juu yake zilikuwa za moto ulioteketeza mtaa wa kwao mwaka 1921. Ni haki yake. Alikuwa na miaka saba usiku ule wazazi wake walipomwamsha wakimbie, na Mei 2021, akiwa bibi wa miaka 107, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kueleza kwamba harufu ya moshi bado anaisikia na maiti barabarani bado anaziona. Lakini kisa cha Greenwood, mtaa wa watu weusi katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, hakikuishia kwenye majivu. Kina sehemu ya pili, vita vya karatasi na mahakama, na wasimulizi wengi huiruka. Inaniuma, kwa sababu humo ndimo watu wa Greenwood walimoshinda.

Ya moto tuyapitie haraka. Mei 30, 1921, kijana mng'arisha viatu, Dick Rowland, aliingia kwenye lifti iliyokuwa ikiendeshwa na msichana wa Kizungu, Sarah Page. Msichana akapiga kelele; wengi wanaamini kijana alijikwaa tu akamkanyaga mguu. Kesho yake alikamatwa, na gazeti la Tulsa Tribune likamtuhumu kwamba alitaka kumshambulia binti huyo. Jioni umati wa Wazungu ukaizingira mahakama alimoshikiliwa. Wanaume wa Greenwood, baadhi yao askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, wakaenda na bunduki kumlinda asinyongwe. Risasi moja ikalia, na umati ukauvamia mtaa wa Greenwood na kuuchoma. Kufikia mchana wa Juni 1, vitalu 35 vya mji vilikuwa vimeteketea, nyumba zaidi ya 1,200 zimechomwa, na watu wapatao 10,000 hawana pa kulala. Hesabu rasmi ilisema waliokufa ni 36. Wanahistoria wanakadiria kati ya 100 na 300. Mashtaka ya Rowland yalikuja kufutwa.

Buck Colbert Franklin alikuwa wakili mgeni mjini hapo. Alihamia Tulsa mwaka huohuo kutoka kijiji cha Rentiesville, akatangulia kutafuta maisha ili mke na watoto wamfuate. Iliwachukua hadi 1925 kumfuata. Mmoja wa watoto hao, John Hope Franklin, ndiye aliyekuja kuwa mwanahistoria mashuhuri wa Wamarekani weusi. Baba naye aliacha ushuhuda wake: kurasa 10 alizozipiga taipu Agosti 1931. Zilipatikana 2015, na leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi jijini Washington. Humo anaeleza jinsi alivyoziona ndege zikizunguka angani na majengo yakishika moto kuanzia juu, paani. Moto wa jikoni huanzia chini. Wakili yule alijua anaandika nini.

Polisi na askari waliwakusanya watu weusi, wapatao 6,000, wakawafungia kwenye ukumbi wa mikutano, uwanja wa besiboli na viwanja vya maonyesho. Wengi hawakutoka mpaka mwajiri wa Kizungu aje kuwadhamini. Franklin naye alizuiliwa. Alipotoka, ofisi yake ilikuwa jivu. Ipo picha iliyopigwa Juni 6: hema la turubai, ndani yake Franklin na mwenzake I. H. Spears wameketi pamoja na katibu wao Effie Thompson, na vitabu vya sheria vimepangwa tayari. Siku tano tu baada ya moto, ofisi imefunguliwa.

Hawakuwahi mno. Kesho yake, Juni 7, wakuu wa jiji walipitisha sheria ndogo ya kuzuia moto: atakayejenga kwenye eneo lililoungua atumie vifaa visivyoshika moto, na jengo lisipungue ghorofa mbili. Mtu wa mbali angeisoma akadhani ni huruma, jiji linawakinga wananchi wake na moto mwingine. Lakini mtu anayelala kwenye hema la Msalaba Mwekundu, amebaki na nguo alizovaa, atatoa wapi fedha za matofali ya ghorofa mbili? Wakubwa waliitaka ardhi ile iliyo kando ya reli iwe ya viwanda na stesheni, na wakazi wake wasogee kaskazini zaidi. Ripoti ya tume ya Oklahoma iliyotoka 2001 inalieleza jambo hili waziwazi.

Franklin, Spears na mwenzao wa tatu, T. O. Chappelle, walifungua kesi dhidi ya meya T. D. Evans kwa niaba ya Joe Lockard, mwenye kiwanja. Na kesi ikiwa inaendelea, Franklin aliwaambia wateja wake wasingoje hukumu: wajenge, hata kwa mbao za makasha ya matunda, na wakikamatwa mawakili wao watakuja kuwatoa. Wakajenga. Mapema Septemba mahakama ikaibatilisha sheria ile: kumzuia mtu kujenga kwenye kiwanja chake kwa namna hiyo ni kumpora mali bila kufuata haki. Kesi ilitoka kwenye turubai ikaishinda halmashauri ya jiji.

Kampuni za bima hazikushindika. Mikataba yake ilikuwa na kipengele cha ghasia, cha kutolipa hasara iliyoletwa na ghasia, nazo zikakishikilia. Hata William Redfearn, Mzungu aliyekuwa na ukumbi wa sinema na hoteli Greenwood, alishindwa kesi yake ya bima katika Mahakama Kuu ya jimbo mwaka 1926. Kanisa la Kibaptisti la Mount Zion lilikuwa limezinduliwa Aprili 4, 1921 kwa gharama ya dola 92,000, na 50,000 kati ya hizo zilikuwa mkopo. Liliishi chini ya miezi miwili. Bima haikulipa senti. Waumini wangeweza kulikana deni, lakini walichanga Jumapili kwa Jumapili mpaka wakalimaliza mwaka 1942. Miaka 21 ya kulipia majivu.

Greenwood iliinuka, na miaka ya 1940 ilikuwa na biashara zaidi ya 200. Kisha ikaja barabara kuu, ikapasua katikati ya mtaa; yaliyoshindikana kwa sheria ndogo ya 1921 yakafanywa na tingatinga. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Oklahoma iliitupa kesi ya fidia ya manusura wa mwisho.

Mwezi mmoja baadaye, katika makaburi ya Oaklawn ambako jiji limekuwa likifukua tangu 2020 kuwatafuta waliouawa 1921, mtu wa kwanza alitambuliwa kwa vipimo vya DNA: C. L. Daniel, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza, kijana wa Georgia aliyekuwa akihangaika kurudi kwao. Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ikapatikana barua ya 1936. Ilikuwa ya wakili, akimwombea mama yake Daniel mafao ya mwanajeshi, na ilieleza mwanawe alikufia wapi: Tulsa, mwaka 1921, katika ghasia zile.