McDonald Mariga: Kiungo aliyevalia jezi za klabu nane za Ulaya

McDonald Mariga Wanyama, aliyezaliwa jijini Nairobi mnamo Aprili 4, 1987, ni mwanasoka mstaafu aliyecheza nafasi ya kiungo katika timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, na katika klabu nane za Sweden, Italia na Uhispania. Ndiye Mkenya wa kwanza kucheza katika Serie A, ligi kuu ya Italia, na anatambuliwa pia kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi ya Mabingwa wa Ulaya na kutwaa taji hilo.

Sifa hizo ndizo zinazotajwa kila jina lake linapozuka. Hata hivyo, zinaeleza sehemu fupi tu ya maisha yake ya uchezaji. Muda mwingi Mariga hakuwa nyota wa kuchorwa kwenye mabango. Alikuwa kibarua wa soka: mtu wa kandarasi fupi, wa mikopo, wa kuhama mji kila klabu ilipobadili kocha, na wa kusubiri goti lipone huku mwenye nafasi yake akizoea kuitwa kwa jina na mashabiki. Wanasoka wa aina hiyo ndio wengi zaidi katika ligi za Ulaya, na ndio wasioandikwa sana.

Soka aliikuta nyumbani. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards katika miaka ya 1980, enzi ambazo klabu hiyo ilitisha Afrika Mashariki yote, na akavaa pia jezi ya taifa. Wanawe kadhaa walifuata njia hiyo, mashuhuri zaidi akiwa Victor Wanyama. Binti yake, Mercy, alichagua mpira wa vikapu na kuuchezea mbali na nyumbani. Mariga alisomea Shule ya Upili ya Kamukunji, Nairobi, ambayo katika miaka hiyo ilikuwa na sifa ya kukuza wanasoka.

Kabla ya kupanda ndege alipitia klabu tatu za humu nchini: Ulinzi Stars, Tusker na Kenya Pipeline. Kwa msomaji wa Njoro, Molo au Nakuru, ni ya kwanza kati ya hizo inayogusa nyumbani. Ulinzi ni timu ya jeshi, iliyoundwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi ilikuwa ikichezea uwanja wa Afraha mjini Nakuru. Ilinyakua ubingwa wa ligi mwaka 2003, 2004 na 2005 kwa mfululizo, kisha mwaka 2010. Vijana waliotoka Njoro kwa matatu, safari isiyofika kilomita 25, waliweza kuwatazama mabingwa wa Kenya wakicheza na kurejea nyumbani kabla ya giza.

Ulinzi ilikuwa na mvuto mwingine usiohusiana na vikombe. Mchezaji wake kwa kawaida ni askari aliyeandikishwa. Ana mshahara wa jeshi hata akivunjika mguu, na anapoishiwa na kasi uwanjani hubaki na kazi. Katika nchi ambayo klabu nyingi hukaa miezi bila kuwalipa wachezaji, hilo si jambo dogo. Aliyechagua Ulaya alichagua kinyume chake: malipo makubwa zaidi, dhamana ndogo zaidi. Mariga alichagua Ulaya akiwa na umri wa miaka 18.

Mnamo 2005 alitua Sweden katika klabu ndogo ya Enköping, na kabla ya mwaka kwisha akachukuliwa na Helsingborg ya ligi kuu. Hapo ndipo alipokomaa. Alikuwa mrefu, mwenye mapafu ya kukimbia dakika zote 90, na mguu mrefu wa kunyakua mpira pale mpinzani alipodhani amekwishampita. Mwaka 2006 Henrik Larsson alirejea Helsingborg kutoka Barcelona, na kijana wa Nairobi akajikuta akifanya mazoezi na mtu aliyekuwa ametoka kushinda Ligi ya Mabingwa. Mwaka huo huo Helsingborg ilitwaa Kombe la Sweden.

Alipokuwa huko, ndugu yake mdogo Victor alimfuata na kujiunga na chipukizi wa klabu hiyo. Mkubwa alipohamia Italia mwaka 2007, mdogo alirudi Kenya kabla ya kupata njia nyingine kupitia Ubelgiji. Miaka iliyofuata ilimfikisha Celtic, Southampton na Tottenham.

Mwaka 2007 Portsmouth ya Uingereza ilimtaka Mariga. Helsingborg haikuwa na pingamizi, lakini serikali ya Uingereza ilimnyima kibali cha kazi. Kanuni za wakati huo zilimtaka mchezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya awe amecheza angalau asilimia 75 ya mechi za ushindani za taifa lake katika miaka miwili iliyotangulia, na taifa lenyewe liwe miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA. Kenya haikuwamo. Shirikisho lake lilikuwa likiandamwa na migogoro, na mwaka 2006 FIFA ilikuwa imeisimamisha nchi. Kwa maneno mengine, mchezaji aliyekuwa Sweden alilipia vurugu za maofisa waliokuwa Nairobi.

Parma ilimchukua mwishoni mwa Agosti 2007, na Serie A ikampata Mkenya wake wa kwanza. Msimu ulikwisha vibaya. Mei 18, 2008, siku ya mwisho ya ligi, mvua ikinyesha katika uwanja wa Tardini, Inter Milan iliilaza Parma 2-0 kwa mabao mawili ya Zlatan Ibrahimović. Inter ilitwaa ubingwa siku hiyo. Parma iliteremshwa hadi Serie B.

Wachezaji wengi hutumia kushushwa ngazi kama kisingizio cha kuondoka. Mariga alibaki, na chini ya kocha Francesco Guidolin, Parma ilirudi Serie A baada ya msimu mmoja tu. Nusu ya kwanza ya msimu wa 2009-10 pengine ndiyo iliyokuwa bora zaidi katika maisha yake yote ya soka. Timu iliyopanda juzi ilikaa katika nusu ya juu ya jedwali, na Mkenya alikuwa mhimili wake wa kati.

Ndipo ikaja Januari 2010. Manchester City, iliyokuwa imejaa fedha za Abu Dhabi, ilikubaliana na Parma kwa kitita kilichoripotiwa kuwa karibu pauni milioni 7. Kwa mara ya pili kibali cha kazi kikawa kikwazo, na sababu ilikuwa ile ile: Kenya ilikuwa nje ya 70 bora. Safari hii suala liliondoka mikononi mwa mawakala likafika kwa wanasiasa. Waziri Mkuu wa Kenya wakati huo, Raila Odinga, aliingilia kati kumwombea kwa serikali ya Uingereza. Saa zilikuwa zikiyoyoma. Mnamo Februari 1, siku ya mwisho ya uhamisho, Mariga alitia saini na Inter Milan, klabu ile ile iliyoizamisha Parma miezi 20 kabla.

Namna Inter ilivyomlipia inaeleza mengi kuhusu soka ya Italia ya miaka hiyo. Sehemu ya bei ilikuwa fedha, na sehemu ilikuwa watu: Parma ilipewa nusu ya umiliki wa Mfaransa Jonathan Biabiany, na Luis Jiménez wa Chile kwa mkopo. Utaratibu wa klabu mbili kumiliki mchezaji mmoja nusu kwa nusu ulikuwa halali huko, hadi shirikisho la Italia lilipoamua kuufuta mwaka 2014. Mchezaji mwenye umiliki wa aina hiyo aliweza kumaliza msimu bila kujua ataishi mji gani Agosti.

Inter ya José Mourinho haikuwa na pengo la kuzibwa. Katikati walikuwako Esteban Cambiasso, Javier Zanetti, Thiago Motta, Dejan Stanković na Sulley Muntari. Mariga aliingia kama akiba na akabaki akiba, ingawa Aprili 24, 2010 alifunga bao katika ushindi wa 3-1 dhidi ya Atalanta. Siku nne baadaye, ugani Camp Nou, Inter ikiwa na watu kumi baada ya Motta kulishwa kadi nyekundu, na Barcelona ikiwa imetoka kufunga bao la kuongoza 1-0, Mourinho alimtoa Samuel Eto'o dakika ya 86 na kumwingiza Mkenya huyo. Bao moja zaidi lingeitupa Inter nje. Halikupatikana, na Inter ikafuzu kwa jumla ya 3-2. Dakika hizo chache, zilizojaa mipira ya juu na kelele za watu zaidi ya 90,000, ndizo nzito zaidi alizowahi kucheza.

Katika siku 17 za Mei, Inter ilitwaa Kombe la Italia, ligi na Ligi ya Mabingwa. Katika fainali ya Madrid mnamo Mei 22, Diego Milito aliifunga Bayern Munich mabao mawili bila jibu, na Mariga aliitazama kutoka benchi hadi mwisho. Wapo waliombeza kwa hilo, kana kwamba medali hupimwa kwa jasho la usiku mmoja. Lakini wakati huo wachezaji wa akiba saba tu walikaa kwenye benchi la fainali, na yeye alikuwa mmoja wao. Mwaka huo huo Ulinzi ilitwaa ubingwa wa Kenya kwa mara ya nne.

Mourinho aliondoka kwenda Real Madrid, na waliomrithi hawakumpa Mariga nafasi ya kudumu. Agosti 2011 alipelekwa Real Sociedad ya Uhispania kwa mkopo. Majeraha yakamfanya acheze mechi chache, na Januari 2012 akarudishwa Italia, kwa mkopo tena, katika Parma aliyoijua. Huko nako majeraha yalimwandama. Kandarasi yake na Inter ilipokwisha mwaka 2014 alikuwa na umri wa miaka 27, umri ambao viungo wengi huwa wanaanza kuvuna, naye alikaa zaidi ya mwaka bila klabu.

Latina, klabu ya Serie B kutoka mji ulio kusini mwa Roma, ndiyo iliyompa kazi mwaka 2015. Alikaa misimu miwili, kisha 2017 akaenda Real Oviedo ya ngazi ya pili Uhispania, na hatimaye Cuneo ya Serie C, chini ya milima ya Alps.

Ukitazama orodha hiyo unaona jambo linalotisha kidogo. Parma ilifilisika mwaka 2015 na kuanza upya ngazi ya nne. Latina ilitangazwa kufilisika mwaka 2017. Cuneo ilisambaratika mwaka 2019. Hata Portsmouth iliyomkosa mwaka 2007 iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni mwaka 2010. Serie C ya msimu wa 2018-19 ilikuwa katika hali ambayo mnamo Februari 2019 Cuneo iliifunga Pro Piacenza mabao 20-0, kwa kuwa wapinzani walikuja na wachezaji saba tu, wengi wao vijana, baada ya wenzao kuacha kazi kwa kukosa mishahara. Anayedhani kucheleweshewa mshahara ni ugonjwa wa klabu za Kenya pekee angefaa kuisoma mechi hiyo.

Kwa Harambee Stars, Mariga alitumika kwa zaidi ya mwongo mmoja bila kufika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Kenya ilicheza fainali hizo mwaka 2004 nchini Tunisia kabla hajaitwa, na ilirejea mwaka 2019 nchini Misri, Victor akiwa nahodha, yeye akiwa hayumo tena kikosini. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo yalipokuwa maisha yake yote ya soka.

Mwaka 2019 aliingia siasani. Chama cha Jubilee kilimteua kuwania ubunge wa Kibra, Nairobi, baada ya kifo cha Ken Okoth. Karatasi zake zilikataliwa kwanza kwa sababu ya suala la usajili wa wapiga kura, kisha akaruhusiwa. Katika uchaguzi mdogo wa Novemba 7, alishindwa na Imran Okoth wa ODM na kumaliza wa pili.

Alirudi kwenye soka kwa mlango mwingine. Desemba 2024 wajumbe wa Shirikisho la Soka la Kenya walimchagua Hussein Mohammed kuwa rais, na Mariga, aliyekuwa mgombea mwenza wake, akawa naibu. Hivyo aliingia katika ofisi ya shirikisho lile lile ambalo nafasi ya timu yake katika orodha ya FIFA ilimzuia kwenda Uingereza mara mbili. Miezi kumi na mitano kabla ya uchaguzi huo, mnamo Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zimepewa haki ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, kipute ambacho Mariga hakuwahi kukicheza.